Miaka Yangu ya Kuchapa Falsafa Bunju

Nimestaafu nikiwa na miaka kumi na saba. Wapo wanaofanya kazi mpaka mgongo unapinda kama kulabu ndiyo wanaachiwa waende, lakini mie nimebahatika: nimechaguliwa kidato cha tano, shule ya bweni, mbali, na steshenari haiwezi kunifuata huko. Kwa hiyo nakabidhi kiti. Shabani na Neema, nyie ndio mnaokipokea. Mama mdogo aliniomba niwaandikie ukurasa mmoja wa maelekezo: printa inawashwaje, rimu zinakaa wapi, nani asikalishwe kwenye kiti cha plastiki chenye ufa. Ukurasa mmoja ungetosha kama tungekuwa tunauza maandazi. Sie tunachapa falsafa.

Kuhusu mshahara na vyeo sitasema kitu. Nilianza nikiitwa "we mtoto", namaliza nikiitwa "we Tatu". Huko ndiko kupanda kwenyewe.

Steshenari ya Mama mdogo Mwanahawa mnaijua, lakini waraka wa mstaafu lazima ueleze, msije mkasingizia kupotea. Iko Bunju, mkabala na geti la chuo, katikati ya duka la dawa na kijana wa chipsi. Nimefanya kazi pale tangu kidato cha pili: jioni baada ya shule, Jumamosi, na likizo zote ambazo wenzangu walikuwa wanalala mpaka jua linawachoma miguu. Vyuo vingine vimejaa wahasibu. Hiki chetu kina wanafunzi wa falsafa, na hao ndio waliotulisha, maana mhasibu anachapisha mara moja anakwenda zake. Mwanafalsafa anachapisha, anasoma akiwa amesimama mlangoni, anashika kichwa, anarudi.

Siku yangu ya kwanza Mama mdogo alinikalisha mbele ya kompyuta akanipa karatasi za kaka mmoja mrefu, aliyekuwa amekalia ndoo ya maji iliyofunikwa, anasubiri. Insha zao nyingi ni za Kiingereza, lakini sentensi ya kwanza niliielewa. Ilisema mwandishi hana uhakika kama yupo.

Nikageuka. "Braza, upo. Umekalia ndoo yetu."

Akaniangalia kwa furaha kama mtu aliyepata mgeni. "Unajuaje?"

"Si naiona ndoo imebonyea?"

"Na ndoo unajuaje kama ipo?"

Pale tungefika Magharibi kama Mama mdogo asingenigonga utosini kwa rula. "Tatu. Chapa kilichoandikwa. Kama hayupo, ni shauri yake na mwalimu wake."

Hiyo ndiyo sheria ya kwanza ya kazi hii. Mtu akiandika kwamba wakati haupo, usimwonyeshe saa. Akiandika kwamba kila mtu ni mbinafsi, usimkumbushe kwamba jana ulimpa kalamu hakurudisha. Chapa.

Sasa vifaa. Printa inaitwa Bibi, na kama mabibi wote hapendi unyevu wala haraka. Upepo wa baharini ukivuma kutoka Mbweni karatasi zinanywa maji hata kama huoni, kwa hiyo rimu ifunguliwe upande mmoja tu, na kabla ya kulisha Bibi uzipepete karatasi kama unapunga moto wa mkaa. Asipigwe. Shabani, najua unampiga. Mashine ya kubaindi inatoboa karatasi chache chache. Ukiijaza inatafuna, na mwanafunzi aliyetafuniwa hitimisho lake nusu saa kabla ya kukusanya hana tena falsafa, ana mikono tu. Flashi zote zina virusi mpaka zithibitishe vinginevyo. Ndani utakuta faili linaitwa "mwisho", lingine "mwisho kweli", lingine "mwisho wallahi". Usichague mwenyewe. Muulize mwenye flashi, naye hatajua, lakini kosa litakuwa lake.

Kazi zenyewe ni za aina mbili, na mikono yenu lazima izitofautishe. Ya kwanza ni insha ya kitaaluma. Hii mwanzoni inakuambia itasema nini, katikati inasema, mwishoni inakukumbusha kwamba ilisema. Ina tanbihi chini ya ukurasa, na tanbihi zisihamehame. Ikiruka moja, zote zilizobaki zinakuwa uongo. Ya pili ni ya kisanaa: mazungumzo ya watu wawili, hadithi, barua, wengine hata mashairi. Hii mara nyingi huja kwa Kiswahili. Niliwahi kuchapa mbuzi anayebishana na muuza nyama kuhusu haki. Mbuzi alishinda kila hoja, na ukurasa wa mwisho akachinjwa vilevile. Nilikula wali maharage wiki nzima. Kwenye mazungumzo jina la msemaji likae kushoto peke yake, na Neema, yule anayesema ujinga usimrekebishie ujinga wake. Kawekwa pale aukoseshe usingizi upande wa pili.

Siku hizi wapo wanaoleta kazi iliyoandikwa na roboti. Kila aya imepigwa pasi. Mama mdogo huishika karatasi akaisogeza puani. "Hii haina jasho," anasema, na anaichapa hivyohivyo, maana sheria ni sheria.

Wote hawa, wenye jasho na wasio na jasho, walikuwa wanamwogopa mhadhiri mmoja. Jina lake la kweli halituhusu. Wanafunzi walimwita Dokta Kwa-hiyo, kwa sababu pembeni ya kila ukurasa alikuwa anaandika kwa wino mwekundu neno moja tu, ambalo kwa lugha yetu ni hilo. Umeandika ukurasa mzima kuhusu uhuru wa binadamu, umetoka jasho, umelala njaa: "Kwa hiyo?" Na somo lake lilikuwa na zoezi moja kubwa. Uandike hoja ileile mara mbili, kwanza insha, halafu umbo la kisanaa, na kote kuwili uweke mpinzani anayeweza kukuangusha. Mpinzani dhaifu alikuwa hataki hata kumwona.

Ndipo akaja Kulwa.

Alikuja wakati wa mvua, karatasi kazificha kifuani ndani ya shati, na kabla ya kuingia akainama mlangoni akafuta viatu vyake kwa kitambaa. Viatu vya ngozi, vya kahawia, vinang'aa. Kwa matope ya Bunju vile vilikuwa vituko. Nikajua huyu ama ana usaili wa kazi ama ana wazimu.

"Shikamoo, mama," akamwambia Mama mdogo. "Naomba kuchapiwa upya. Hii ni sapu. Nikiikosa nadisko."

Sapu, kwa ambao hamjafika huko, ni kurudia kazi uliyofeli, na kudisko ni kutimuliwa chuo. Mwaka wa tatu, mtu anabeba godoro lake anarudi nyumbani. Nyumbani kwake kulikuwa Mbagala, kwa mama yake, mjane, baba alikuwa amefariki mwaka ule. Yote hayo aliyasema kwa sauti ya mtu anayesoma ratiba.

"Marahaba. Pole, mwanangu. Kabila gani wewe?"

"Mnyamwezi."

Jamani. Mie Mzaramo pande zote mbili. Neema, kwenu Uchagani mna Wapare wenu, kwa hiyo unajua: mtani ukimkuta hujiulizi. Unamtukana, anakutukana, mnacheka, hakuna anayeruhusiwa kununa. Wazee wetu walianza na wao enzi za misafara, Wanyamwezi wakishuka pwani na mizigo kichwani.

"Karibu, mpagazi wetu!" nikasema. "Mzigo tua hapo nje, usituletee matope ya Tabora."

Mnyamwezi yeyote mzima angenijibu kwamba sie Wazaramo tumeuza viwanja vyote tukacheza ngoma mpaka hela ikaisha. Nilikuwa nimeshajiandaa kucheka.

"Sitaki utani," Kulwa akasema.

Mama mdogo aliinua kichwa. Mie nikageukia kibodi. Kukataliwa utani na mtani ni kama kutoa salamu ikaachwa inaning'inia hewani. Hujui kama mtu anaumwa au umemkosea.

Kufika kwenye kichwa cha insha yake nikaelewa nusu. Kwa lugha yetu kilisema: Utani wa Msibani ni Uongo Ulioruhusiwa. Hoja yake ilikuwa imenyooka kama msumari. Anayesema jambo la uongo mbele za watu, huku anajua ni uongo, amesema uongo. Mtani msibani anasimama mbele za watu anasema marehemu alikuwa mlevi, mchoyo, mwizi wa kuku. Kwa hiyo mtani ni mwongo, na mila haiuoshi uongo. Mpinzani alipewa sentensi moja: "Wengine husema ni desturi." Halafu akapigwa kurasa mbili bila kuruhusiwa kuinuka.

Chini ya ukurasa wa mwisho wino mwekundu ulikuwa umetoka nje ya kawaida yake ya neno moja. Ulisema: Mpinzani wako umemfunga mikono kabla ya pambano. Mfungue, kisha unirudishie. Na kazi ya kisanaa sijaiona. Ijumaa.

"Sasa utamfungua?" nikamuuliza.

"Nitampa maneno zaidi. Lakini hatashinda." Alisema hivyo akiwa amekunja ngumi juu ya meza ya watu.

Jumanne akarudi na mazungumzo. Mfiwa na Mtani. Nilikuwa na kawaida, nikichapa mazungumzo, nayasoma kwa sauti, kila mtu na sauti yake, na wateja wanafurahi, kijana wa chipsi anasogea. Mfiwa akazungumza ukurasa mzima. Mtani akajibu, "Ndiyo, ni kweli." Mfiwa akaendelea. Mtani akasema, "Hapo umenishinda." Nilimpa sauti ya mbuzi mwenye mafua, maana sikuona angeweza kuwa na sauti gani nyingine.

Mama mdogo alikuwa kwenye mashine ya kulaminisha. Hata hakugeuka. "Mtani gani huyo hana mdomo? Sijawahi kuona mtani anasema umenishinda."

"Ni mfano tu, mama," Kulwa akasema.

"Mfano wa nani? Wewe kuna mtani alikuudhi. Tuambie yule mwenyewe."

Nilidhani ataondoka. Aliangalia viatu vyake, akaanza kusimulia.

Siku ya kumzika baba yake, pale makaburini, alikuwepo jirani yao wa Mbagala, Mzee Kibwana, Mzaramo, fundi baiskeli. Jeneza likiwa limeshafika, Mzee Kibwana akashuka akaketi ndani ya kaburi. Akakunja miguu kama yuko kibarazani. Hatoki mpaka alipwe, kama watani wafanyavyo.

"Simruhusu huyu!" akapiga kelele. "Mchoyo huyu! Ana mtoto chuo kikuu, mtaa mzima tunajua, na hajawahi kumwambia hongera kwa kinywa chake. Mnaona anaondoka nayo! Mfungueni sanda tumpekue, hongera ya mtoto imo humo!"

Watu wakacheka. Mjomba wake akacheka. Mama yake, kule nyumbani, alipohadithiwa, hata yeye alicheka. Kulwa akashuka kaburini akamkamata mzee kwa shati akamvuta juu. Shati likachanika kuanzia kola mpaka chini.

Walizika kimyakimya, na hiyo, Shabani, ndiyo aibu yenyewe. Mtu kumpiga mwizi msibani kungesameheka mapema zaidi kuliko kumkasirikia mtani. Tangu siku ile Kulwa alikuwa anapita njia ya nyuma asionane na Mzee Kibwana, na insha yote ile, tanbihi kwa tanbihi, ilikuwa ya kuthibitisha kwamba mzee alisema uongo.

Mama mdogo alizima mashine. "Haya," akasema taratibu. "Sasa una mpinzani."

Kijana wa chipsi akarudi kwenye chipsi zake, ambazo zilikuwa zimeshaungua. Kisha Kulwa akanigeukia. "We Mzaramo. Nitukane."

"Ati?"

"Nitukane. Nataka kuandika."

Miaka yote nimefukuzwa darasani kwa mdomo huu, na siku nilipoombwa kwa heshima, ukakauka. Nikakuna kichwa. "Wewe... we twiga uliyekosa shingo! Mmezaliwa mapacha wakakupa wewe miguu na mwenzio akili!"

Akacheka. Mara ya kwanza kumwona meno. Halafu kicheko kikakatika katikati kama umeme. "Subiri," akasema. Akachukua kalamu. "Hili nimecheka. Lile sikucheka. Kwa nini lile sikucheka?"

Hakutuuliza sisi. Aliinuka, akakunja karatasi zake, akasema anakwenda Mbagala, akaenda. Kutoka Bunju mpaka Mbagala mnakujua. Ni kuvuka mji mzima ili ukatukanwe.

Alhamisi akarudi, na nilichoona kwanza ni miguu. Kandambili, moja ya bluu, moja ya kijani, zote za kushoto.

"Viatu viko wapi?" nikauliza.

"Kavichukua Mzee Kibwana."

Mama mdogo akasogeza kiti. Kulwa akatusimulia. Alimkuta mzee kibandani kwake anaziba tairi. Akamwamkia, akajieleza: chuo, hoja, mpinzani, kwamba amekuja kumsikiliza, amweleze kwa nini alisema yale maneno kaburini.

"Maneno gani?" mzee akamuuliza. "Mie nimezika wengi. Maneno siyakumbuki. Shati nalikumbuka."

"Ulisema baba hajawahi kuniambia hongera."

"Nilisema hivyo mie? Na ulikuwa uongo?"

Kulwa alikuwa amepanda magari matatu na kurasa mkononi za kuthibitisha kwamba ni uongo. Akamjibu mzee, "Hapana. Haikuwa uongo."

"Basi toa viatu," mzee akasema. "Shati langu halijapata mrithi."

"Hivi siwezi, mzee. Hivi kanunua baba nilipochaguliwa chuo."

"Alisema nini alipokupa?"

"Hakusema kitu. Nilivikuta asubuhi mlangoni kwangu, yeye keshakwenda kazini."

Kulwa akatuambia maneno yale yalipomtoka, aliyasikia kama yamesemwa na mtu mwingine. Mzee Kibwana akakohoa, akainama, akamvua viatu mwenyewe kimoja kimoja, akavivaa. Vikawa vikubwa. Akatembea navyo mpaka mlangoni, akarudi. "Vinanipwaya," akasema, "lakini nitakua."

Mama mdogo alicheka mpaka akashika meza. Kulwa naye alikuwa anacheka, anajifuta macho kwa mgongo wa mkono. Kisha akavuta kiti karibu na kompyuta. "Futa yote," akaniambia. "Tunaanza upya, na kesho nakusanya."

Wenzangu, nimechapa mengi, lakini sijawahi kuona mtu anaandika vile. Alikuwa anasema sentensi, anaikataa, anaisema tena, anasimama, anazunguka duka kwa zile kandambili za kushoto. Insha ikabadilika tumbo. Sasa ilisema kwamba mwongo anataka umwamini, lakini mtani hataki umwamini, anataka umjibu. Ndiyo maana anasema mbele za watu, na ndiyo maana kunyamaza au kupigana ni kumnyima kile alichokuja kukitafuta. Halafu akaweka mpinzani, na safari hii hakumfunga mikono. Mpinzani akauliza: na marehemu je? Yeye hajibu. Utani juu ya asiyeweza kujibu una tofauti gani na kumsingizia? Kulwa alikaa na swali hilo mpaka chai ikapoa. Akaandika kwamba hana jibu kamili. Mpaka mwisho akaliacha pale, limesimama.

"Utampa adui silaha yote hiyo?" nikamuuliza.

"Ndiyo. Chapa."

Mazungumzo aliyaacha kwa siku ya mwisho. Ijumaa asubuhi tumebakiza ukurasa mmoja, umeme ukakatika. Kuna siku umeme unakatika kama kupepesa jicho, na kuna siku unakatika kama mtu aliyehama. Huu ulikuwa wa pili. Kulwa akaangalia kioo cheusi. Hakulaani. Akachukua karatasi akaanza kuandika kwa mkono alipoishia.

Mama mdogo akatoka nje, akaenda duka la dawa, ambao wana jenereta kwa ajili ya friji yao. Akarudi. "Wamekubali. Bebeni."

Mie nikachukua kompyuta. Kulwa akainama, akamnyanyua Bibi, akamweka begani, huyo, anapita na kandambili zake mbele ya geti zima la chuo. Msinilaumu. Mtu wa damu yangu angejizuiaje?

"Mpagazi!" nikapiga kelele. "Mpagazi wetu! Mzigo usidondoke, hapa ndiyo pwani!"

Akageuza shingo chini ya printa. "Nabeba mwenyewe, maana nyie Wazaramo mkiuona mzigo mnatafuta ngoma ya kuchezea kando yake!"

Mama mdogo akasema, "Alhamdulillah," kama mtu aliyesikia mgonjwa anaomba uji.

Ukurasa wa mwisho niliuchapa juu ya kaunta ya dawa za kikohozi. Mtani amekaa kaburini, Mfiwa kasimama juu. Mfiwa anamwambia ile hoja kali: baba hawezi kukujibu. Mtani anasema, ndiyo maana nimekaa njiani, namsubiri wa kumjibia. Nilichapa kwa sauti yangu ya kawaida. Ile ya mbuzi haikufaa. Halafu Mfiwa anasema, "Alininunulia viatu. Hakusema kitu. Aliviweka mlangoni." Na Mtani anatoka kaburini mwenyewe, anajipangusa mchanga, anasema, "Basi mzikeni. Mlipaji kapatikana." Bibi akaitoa karatasi ile bila kukwama. Kulwa hakusubiri baindingi. Alibana kwa pini akakimbia, kandambili zinapiga lami.

Alipita. Majibu yalipotoka alikuja kutuonyesha. Kwenye insha, pale alipoandika kwamba hana jibu kamili, wino mwekundu ulikuwa kimya. Na chini kabisa ya mazungumzo, baada ya mlipaji kupatikana, Dokta alikuwa ameandika neno lake. "Kwa hiyo?" Kulwa akaligonga kwa kidole, anacheka. "Kwa hiyo nakwenda Mbagala kila Ijumaa kudai viatu vyangu. Mzee kavivaa harusini."

Hapo ndipo kumbukumbu zangu zingeishia, na mngepata maelekezo yenu na salamu. Lakini juzi ilikuwa siku yangu ya kuaga. Mama mdogo alinunua soda, kijana wa chipsi akaleta chipsi ambazo hazikuungua, nyie wawili mlikuwepo mnakula kuliko mstaafu. Tranka langu la shule lilikuwa mlangoni, limeshapakwa jina. Kulwa akaingia, akalisoma jina la shule.

"Tabora?" akasema. "Mzaramo anakuja kwetu Tabora na tranka? Leo nani mpagazi?"

Nikamjibu vizuri tu. Halafu akafanya nilichopaswa kukitegemea. Akaketi juu ya tranka. Akakunja miguu.

"Haondoki huyu!" akapiga kelele mpaka watu wa duka la dawa wakatoka. "Mchoyo huyu! Kakaa hapa tangu kidato cha pili, kafundishwa kazi, kafundishwa kuishi na watu, na mdomo wote ule hajawahi kumwambia mama yake mdogo asante! Mnaona anaondoka nayo! Fungueni tranka, imo humo, chini ya sare!"

Mlicheka, nyie. Mama mdogo alikuwa ghafla na shughuli kubwa na Bibi, anampepetea karatasi ambazo zilikuwa zimeshapepetwa. Nikafungua mdomo. Shabani, uliniona. Hakikutoka kitu. Kulwa akachomoa funguo ya tranka kwenye kofuli, akaitia mfukoni.

"Nitairudisha nikipata jibu," akasema. "Na uandike. Kwa mdomo utafanya mzaha."

Basi nimejaribu kuandika ukurasa mmoja, na mmeona ulivyotoka. Basi la Tabora linaondoka kesho, na siwezi kusoma kidato cha tano kwa nguo nilizovaa.

Mama mdogo. Ile wiki ya kwanza nilikuwa nakalia kiti chenye ufa, kinanibana paja, nami sikusema. Jumatatu yake nikakuta mbele ya kompyuta kuna kiti kizima, na chenye ufa kiko kwako, kwenye mashine ya kulaminisha. Hukusema kitu. Umekikalia chenye ufa mpaka leo, na wateja umewakataza kukikalia wasiumie. Nilikiona. Kila siku niliyoingia mlangoni nilikiona. Asante.

Neema, kile kizima ni chako sasa. Kulwa, jibu hilo hapo, lisome kwa sauti mbele za watu. Kisha lete funguo, mpagazi, na tranka ubebe wewe.